Nani Amegusa Kebo?

Kabla mniulize kwa komenti: ndiyo, ile video ya 8.8.8.8 nimeitoa. Hakuna aliyeiripoti. Nimeitoa mwenyewe Jumapili usiku, na najua wengi wenu mlianza kunifuata kwa sababu yake, kwa hivyo mnanidai maelezo.

Kwa wageni: hiyo video ilikuwa ya dakika moja na nusu. Nimekaa nje ya nyumba yetu hapa Kipsongo, kuku wa jirani wanapita nyuma yangu, nawaonyesha vile unaingia kwa mipangilio ya simu au kompyuta, unatafuta palipoandikwa DNS, unatoa chochote kilichoko na unaandika nane nne. Intaneti iliyokuwa inajikokota inaanza kutembea. Nikamaliza kwa kusema, "Hii inafanya kazi kila mahali." Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yamenileta hapa.

Kama hujui DNS ni nini, ni hivi. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Wewe mwenyewe ukitaka kumpigia mathe hukariri namba, unabonyeza "Mathe" na simu inajitafutia. DNS ni hiyo kazi ya kutafuta, lakini ya intaneti nzima. Unaandika jina la tovuti, kompyuta inauliza seva ya DNS huyu anakaa wapi, inapewa namba, inaenda. 8.8.8.8 ni seva ya DNS ya Google, iko wazi kwa kila mtu tangu Desemba 2009, na kwa simu yako haina shida yoyote. Sikutoa video kwa sababu ilikuwa uongo. Nimeitoa kwa sababu niliifuata mimi mwenyewe mahali ambapo haikufaa, na kuna mtu alikaa nyumbani siku tatu bila kulipwa juu yangu.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Stori ya karo nishawapa, sirudii. Tangu hapo nakula kwa vitu viwili: hizi video, na kibarua cha kufungia watu mitandao kuanzia Kitale, Kiminini, Kamukuywa, mpaka Bungoma. Sina karatasi ya kumwonyesha mtu. Cheti changu ni kwamba intaneti inafanya kazi kabla sijaondoka.

Sasa kuna shirika dogo Bungoma, sitalitaja, linalosaidia watoto wa sekondari na karo. Wamebadilisha kampuni ya intaneti, wanataka rauta mpya ifungwe. Nikaenda Jumamosi moja asubuhi. Ofisi ina kompyuta kama kumi na mbili, na chini ya meza ya kona, kati ya maboksi ya karatasi, kuna seva mbili.

Ya kwanza ni ile inaitwa domeni kontrola. Ifikirie kama askari wa geti mwenye daftari. Asubuhi mfanyakazi akiandika jina na paswadi, kompyuta yake inakimbia kumwuliza huyo askari: huyu ni wetu? Anaruhusiwa folda gani? Atumie printa gani? Bila yeye, kila mashine ni kisiwa. Ya pili ni ya barua pepe. Ofisi nyingi siku hizi wamehamishia barua zao kwa Google au Microsoft na kusahau, lakini hawa walikuwa bado na seva yao ya miaka ya nyuma, pamoja na jina lao linaloishia na .or.ke. (Hiyo .ke ilisajiliwa kama ya Kenya mwaka wa 1993, kabla nizaliwe. Leo inasimamiwa na KENIC. Huwa nafurahi kujua vitu kama hivi, hata kama havilipi.)

Rauta nikaifunga. Taa zote ziko, lakini kurasa hazifunguki. Leo najua sababu. Ile domeni kontrola ndiyo pia DNS ya ofisi. Majina ya ndani inayajua yenyewe. Ya nje isipoyajua inampelekea mkubwa wake, na mkubwa wake aliyeandikwa humo alikuwa seva ya DNS ya ile kampuni ya zamani, ambayo haijibu mtu asiyekuwa mteja wao. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa kubadilisha, ndani ya huduma ya DNS yenyewe. Mimi huo mstari sikuujua. Nilijua video yangu.

Basi nikaingia kwa mipangilio ya kadi ya mtandao ya seva. Mahali pa DNS nikakuta seva imeandikiwa namba yake yenyewe. Nikacheka, manze. Nani anajiuliza mwenyewe njia? Nikaona ni fundi aliyenitangulia hakujua kazi. Nikafuta, nikaandika 8.8.8.8. Nikaandika hiyo hiyo kwa rauta ili igawie kompyuta zote. Kurasa zikafunguka pap. Madam mwenye ofisi akafurahi, akanitumia nusu ya pesa kwa M-Pesa, nyingine tukakubaliana mwisho wa wiki, na jioni nilikuwa Kitale.

Jumatatu saa nne akapiga. "Kijana, huu mtandao wako umekufa."

Nikamwuliza, intaneti iko? Iko. Lakini folda za pamoja hazifunguki, printa haijibu, na wanafunzi wawili wa atachi walioripoti siku hiyo hawawezi kuingia kabisa, kompyuta inawaambia hakuna seva ya kuwapokea. Wafanyakazi wengine wote wameingia vizuri kama kawaida.

Intaneti iko, wa zamani wanaingia, wageni hawaingii. Mtu anayeijua hii kazi angeshajua ni nini. Mimi nikauliza lile swali ambalo kila fundi huuliza akiwa mbali na hataki kupanda matatu: "Kuna mtu amegusa kebo?"

Nikamsikia akiwauliza wenzake. Sauti moja ikasema mama wa usafi alipiga deki chini ya ile meza asubuhi, na bado kuna maji karibu na swichi.

"Ni huyo mama," Madam akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekumbuka alikoacha funguo.

Nikamwambia nina kazi Kitale, nitafika Jumatano. Nikakata simu, na sikumfikiria huyo mama tena. Hata kidogo.

Kuna kitu kuhusu hapa kwetu ambacho mtu wa Milimani hawezi kukijua. Nikiwa darasa la saba nilikuwa nikienda saiba moja hapa mjini na shilingi kumi zangu, dakika zikiisha natoka. Siku moja maus ikapotea. Tulikuwa watu kama tisa ndani. Mwenye saiba hakuuliza nani aliitumia mwisho, wala mashine ile ilikuwa na nani. Aliuliza, "Wewe si ni wa Kipsongo?" Akamwaga begi langu mezani mbele ya watu. Maus ilikuwa imeangukia nyuma ya skrini, imening'inia kwa waya wake. Alinirudishia vitabu kimoja kimoja, na hakusema pole. Sasa mtu ambaye begi lake limewahi kumwagwa hivyo ndiye aliyekuja kuuliza kwa simu, "Kuna mtu amegusa kebo?"

Jumatano nikafika. Nikakuta chumba kina vumbi kidogo na ndoo iko mlangoni, kavu. Nikauliza mama yuko wapi. Nikaambiwa amekaa nyumbani tangu Jumatatu, "mpaka fundi aje atuambie ni hasara ya pesa ngapi."

Nikaanza na swichi. Kavu, taa za kijani zinachezacheza vizuri. Nikakaa kwa kompyuta moja, nikaipigia seva pingi kwa namba yake. Ikajibu mara nne, haraka. Nikaipigia kwa jina lake. Kimya.

Wasee, kama hutakumbuka kitu kingine hapa, kumbuka hiki. Namba ikijibu na jina lisijibu, kebo haina makosa. Maji hayachagui. Waya ukikatika, namba na jina vyote vinakufa pamoja. Kwa hivyo ndani ya dakika mbili nilishajua kwamba huyo mama hakuhusika, na nilikuwa bado sijajua ni nani.

Nikaandika nslookup. Hiyo ni amri ndogo ya kumwuliza DNS jina, na kabla ya kujibu inakuambia kwanza inamwuliza nani. Mstari wa juu kabisa ukaandika: 8.8.8.8.

Niliangalia hiyo namba kama mtu anayeona picha yake kwa polisi.

Hiki ndicho nilichofanya, nikieleza kwa lugha yetu. Kompyuta ya ofisi ikitaka kumpata domeni kontrola haibahatishi. Inauliza DNS: askari wa geti la hili shirika anakaa wapi? Jibu liko kwa DNS ya ndani peke yake. Mimi nilizifundisha mashine zote zikamwulize Google. Sasa mwulize mtu wa Nairobi nyumba ya shosho yangu iko wapi Kipsongo. Anajua Times Tower, anajua KICC, anajua kila ghorofa. Shosho hamjui. Si mjinga, umemwuliza kitu ambacho hakijaandikwa popote nje ya mtaa wetu. Hata seva yenyewe ilikuwa imesahau kujiuliza, ikawa inatafuta jina lake kwa watu wa nje. Yule fundi aliyenitangulia, niliyemcheka, alikuwa ameseti sawa.

Na mbona wa zamani waliingia? Kwa sababu Windows, kwa kawaida yake, inaweka kumbukumbu ya watu 10 wa mwisho walioingia kwa hiyo mashine. Ikimkosa askari, inakuangalia sura na kusema huyu namjua, pita. Wale wa atachi hawakuwa na sura. Hiyo ndiyo maana shida za domeni hazionekani kama shida za mtandao. Zinaonekana kama shida za watu. Huyu anaingia, yule haingii, basi lazima yule amefanya kitu.

(Kuna nyingine ya hivyo hivyo nilikutana nayo shule moja upande wa Kiminini. Kila stima ikipotea, walimu wanakataliwa na mashine na kuambiwa wanakosea paswadi. Hawakukosea. Ile betri ndogo ya duara ndani ya seva ilikuwa imekufa, stima ikirudi saa inarudi nyuma miaka, na domeni kontrola kwa kawaida haimwamini mtu ambaye saa yake inapishana na yake kwa zaidi ya dakika 5. Mwalimu mmoja alikuwa ashaandikiwa barua ya onyo.)

Na msidhani ni sisi tu wa mtaani. Mnakumbuka Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, jioni, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipopotea kwa kama masaa sita? Hapa Kipsongo watu walinunua bando mara mbili wakidhani zimeisha. Wengine wakasema ni wadukuzi. Kampuni yenyewe ikaeleza baadaye: wahandisi wao wakiwa kwa matengenezo ya kawaida walitoa amri iliyokata mtandao wao wa ndani, na seva zao za DNS, kuona haziwezi kufikia vituo vikuu, zikajiondoa kwa intaneti. Majina yakafutika duniani. Hata vifaa vyao vya kurekebishia vilitegemea hayo majina, ikabidi watu waende mguu kwa mguu mpaka kwenye mashine. Kosa lilitoka kwa mikono ya wenye nyumba.

Kebo hukatika, sikatai. Tarehe 12 Mei 2024 zilikatika kweli, EASSy na SEACOM, chini ya Bahari ya Hindi, na Afrika Mashariki nzima ikajua. Lakini kebo ikikatika haichagui wafanyakazi wa zamani na wa atachi.

Turudi Bungoma. Kurekebisha hakukuchukua hata nusu saa. Nikairudishia seva namba yake yenyewe mahali pa DNS. Ndani ya huduma ya DNS nikafuta yule mkubwa wa zamani na kuweka 8.8.8.8 hapo, kwa sababu hapo ndipo mahali pake, kwa maswali ya nje. Rauta nikaiambia igawe namba ya seva, isigawe ya Google. Nikaandika ipconfig /flushdns ili mashine zisahau uongo niliozifundisha, nikazima na kuwasha huduma ya Netlogon ili askari ajiandikishe upya kwa daftari, nikapima na dcdiag. Wale wa atachi wakaingia. Printa ikatema karatasi kumi na moja za tangu Jumatatu.

Watu wakapiga makofi, na mimi nikanyamaza.

Sitawadanganya. Nilinyamaza kama saa nzima. Hakuna mtu kwa hiyo ofisi angeweza kusoma ile skrini. Nusu ya pesa yangu ilikuwa bado. Na kijana asiye na digrii akisema "ni mimi niliharibu," hakuna mtu atasema amejifunza. Watasema tulijua. Nikaletewa chai na mandazi, Madam akakaa karibu, akasema, "Unaona sasa? Huyo mama nilimwambia asipige deki hapo." Nikanywa chai.

Kisha akasema kitu kingine, kama mtu anayepiga stori tu. Kwamba walimu wakuu siku hizi wamelala. Maombi ya karo yanafungwa Ijumaa, yanatumwa kwa barua pepe, na tangu wikendi hakuna hata moja imeingia. Na barua ambazo ofisi ilituma Jumatatu zinarudi na Kizungu kirefu kinachoanza na 550.

Nikaweka kikombe chini.

Seva ya barua sikuwa nimeiuliza hata iko hapo kwa nini. Barua inafika kwako hivi: anayetuma anauliza DNS, barua za hili jina zinapelekwa wapi? Kuna rekodi inaitwa MX inayojibu jina la seva, na nyingine inayojibu namba ya hiyo seva. Hizo rekodi hazikuwa ofisini, ziko kwa kampuni inayowashikia jina, na zilikuwa bado na namba ya intaneti ya zamani. Jumamosi nilipofunga rauta mpya, ofisi ilihama nyumba bila kumwambia posta. Barua zote za shule zilikuwa zinabisha mlango wa nyumba tupu.

Za kutoka nazo zilikuwa na yao. Kuna rekodi inaitwa SPF, ni orodha ya namba zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Namba yetu mpya haikuwa kwa orodha. Gmail ikiona barua kutoka kwa mtu asiye kwa orodha inafikiri ni tapeli, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi hayo masharti. Kwa hivyo mbele ya dunia, shirika linalolipia watoto karo lilikuwa linafanana na wale wanaokuambia umeshinda gari.

Na hapa ndipo kunyamaza kuliisha. Ningependa kuandika kwamba ni dhamiri ilinisukuma. Ukweli ni kwamba nilipiga hesabu. Ili kurekebisha barua, lazima Madam apigie kampuni ya jina na kusema namba ilibadilika Jumamosi. Jumamosi ofisini nilikuwa mimi. Uongo wa kebo ungehitaji uongo wa pili, na wa pili ungekuwa na mashimo. Lakini pia nilikuwa naiona ile ndoo kavu kutoka nilipokaa. Sijui nini kilitangulia.

Nikasema, "Madam, si mama. Ni mimi."

Akadhani namtetea mama. Ikabidi nimwonyeshe. Nikamfungulia skrini, nikamwambia hii namba niliiandika hapa Jumamosi saa tano, na ile nyingine sikuiuliza. Akasikiza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hivyo tukulipe kwa kuharibu ama kwa kutengeneza?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Tukapiga simu. Namba ikabadilishwa, orodha ya SPF ikabadilishwa, tukaiomba kampuni mpya ya intaneti iandike upande wake kwamba hiyo namba ni ya hilo jina, maana wengi wakipokea barua wanaangalia pande zote mbili. Kwa rauta nikafungua njia ya 25, ile barua hupitia kati ya seva na seva. Halafu hakuna cha kufanya tena. Rekodi ya DNS ina muda wake wa kukaa kwa kumbukumbu za watu, na hiyo yetu ilikuwa imeandikwa 14400. Ni sekunde. Ni saa 4 za kungoja wakati dunia bado inakumbuka ulipokuwa unakaa.

Kilichokuwa kinanila ni za Jumamosi. Seva ya barua ikikuta mlango umefungwa haitupi barua papo hapo. Inaweka kwa foleni, inajaribu tena na tena, na kwa utaratibu uliozoeleka inavumilia siku kama 4 au 5 ndipo inamrudishia mwenyewe na kusema imeshindwa. Jumamosi mpaka Jumatano jioni, hesabu mwenyewe. Kuna mwalimu mkuu mahali alikuwa ametuma maombi ya mtoto, akaona imeandikwa imetumwa, akaenda zake.

Wafanyakazi wakaenda nyumbani saa kumi na moja. Nikabaki na mlinzi, mzee mmoja mpole aliyenipa kiti chake. Nikawa naangalia ile skrini kama mechi. Saa mbili, hakuna. Saa mbili na nusu, barua moja, ya mtu anayeuza toner. Sijawahi kufurahia tangazo hivyo maishani. Saa tatu kasoro zikaanza, moja, mbili, zikasimama, halafu zikaja tano pamoja. Mzee akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia barua za watoto zinaingia. Akasema, "Usiku?" Nikasema ndiyo, mzee, usiku.

Zilifika nyingi. Kama kuna yoyote ya Jumamosi iliyokata tamaa kabla, hiyo sitaijua. Asubuhi nilimwomba Madam awapigie walimu wakuu wa shule zote zilizo kwa orodha yake, mmoja mmoja, awaulize kama walituma. Alipiga. Hilo nampa.

Nililala kwa binamu Kanduyi, Alhamisi nikarudi kumalizia. Mama alikuwa amerudi, anapiga deki. Mtu mzima, kitambaa kichwani, alinisalimia kwanza yeye.

"Mulembe, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Walisema maji yangu yameua kompyuta."

"Si maji, mama. Ni mimi."

Akaegemeza mopu. "Wewe ulimwaga nini?"

"Sikumwaga. Niliandika namba mbaya."

"Namba?"

"Namba."

Akafikiria hilo kidogo. Akatoa kipande cha karatasi mfukoni mwa aproni, ilikuwa risiti ya duka, akageuza upande mweupe. "Niandikie hiyo namba. Uandike ni wewe, na uandike tarehe. Msichana wangu aliniuliza nimefanya nini kazini nikafukuzwa, na mimi sikuwa najua."

Nikaandika 8.8.8.8, nikaandika ni mimi, nikaweka jina na sahihi na tarehe. Akaisoma polepole, akaikunja mara mbili.

Zile siku tatu hakulipwa. Analipwa kwa siku, na siku ambayo hujafanya kazi haiko. Madam alinipa robo tu ya ile nusu iliyobaki, na nikaituma kwa mama. Akajibu kwa ujumbe, "Nimeona." Mimi kwa hiyo ofisi sijaitwa tena, na sijauliza.

Siku hizi nikifika kwa mtu nabeba daftari ya shilingi thelathini. Kabla niguse kitu naandika kilivyokuwa, nikimaliza naandika nilichobadilisha, na daftari naiacha juu ya seva. Mtu akipiga simu siku ya tatu, swali langu la kwanza ni nini kimebadilika tangu ilipokuwa sawa. Mara nyingi jibu liko kwa hiyo daftari, kwa mwandiko wangu.

Video mpya ya DNS nitaipandisha Jumamosi, kama stima itakuwepo. Itakuwa ndefu kuliko ile. Kuku bado wako.